Saini ya Penseli Chini ya Faiba

Uweke mezani ubao wa mawimbi wa miaka ya 1960, uukwangue nta iliyoganda, kisha uugeuze upande wa dirisha mwanga uupige. Kando ya ule ukanda mwembamba wa mti unaopita katikati, kutoka omo hadi tezi, mara nyingi utaona maandishi ya penseli. Ni tarakimu chache za futi na inchi, pengine jina la aliyeagiza, na jina la fundi aliyeuchonga. Yaliandikwa juu ya povu gumu kabla ya faiba kutandazwa na rezini kumwagwa, kwa hiyo hayafutiki. Anayetaka kuyafuta aubandue ubao ngozi kwanza.

Wazee wa California waliokuwa vijana enzi hizo hawaanzi masimulizi yao na penseli. Huanza na harufu. Rezini mbichi hunuka vikali, huingia kwenye nguo na nywele, na mama nyumbani alijua mtoto ameshinda wapi bila kuuliza. Kisha watakueleza duka: mbele kaunta na mbao zilizosimamishwa ukutani, nyuma chumba chenye vumbi jeupe na randa ya umeme inayolia kutwa. Tunaliita duka kwa mazoea tu. Ilikuwa karakana iliyotobolewa mlango upande wa barabarani. Kijana akitaka ubao alikuwa anakwenda kwa fundi kama sisi tunavyokwenda kwa fundi cherehani, anatazamwa kimo na uzito, anaulizwa hupenda kwenda pwani ipi, anapangiwa siku ya kurudi. Na kama ilivyo kwa mafundi cherehani wetu, sidhani Jumamosi ya ahadi ilikuwa lazima iwe Jumamosi hiyohiyo.

Mchezo wenyewe ni wa Hawaii, ambako ubao mrefu uitwao olo ulikuwa wa machifu na alaia, mfupi na mwembamba, ukapandwa na watu wote. Ulipofika bara la Marekani haukuwa na duka. Aliyeutaka alijichongea, au alimwomba rafiki mwenye mkono. Katika miaka ya 1930 kampuni moja ya Los Angeles, Pacific System Homes, iliyokuwa ikijenga nyumba za vipande vya kuunganisha, ikaanza kuuza mbao za mawimbi kwa wingi. Chapa iliyochagua ilikuwa swastika, enzi ambayo Wamarekani wengi waliiona kuwa alama ya bahati njema tu. Mwishoni mwa muongo huo jina hilo likawa halibebeki tena, chapa ikabadilishwa. Mbao chache zilizosalia bado zina alama ile, na watunzaji wa makumbusho huona tabu kuzitundika mahali pa wazi. Mimi ningezitundika.

Zilikuwa nzito mno. Ubao wa mti mwekundu wa California ungeweza kufika kilo 45, na wengi waliuacha ufukweni kwa kuwa kuubeba nyumbani kulishinda raha ya kuuendesha. Vita Kuu ya Pili ndiyo iliyoleta faiba na rezini. Ghafla balsa, mti mwepesi wa Ecuador unaonyonya maji kama sponji, ukapata koti la kuukinga. Bob Simmons, aliyesoma uhandisi, akaanza kuchonga mbao kwa hesabu za umbo na mkondo. Mwaka 1947 Joe Quigg akamtengenezea msichana, Darrylin Zanuck, binti wa mtengenezaji filamu maarufu wa Hollywood, ubao mfupi na mwepesi ili aweze kuubeba mwenyewe. Vijana wa kiume wa Malibu wakauazima kwa mzaha, kisha wakawa wagumu kuurudisha. Ubao uliodhaniwa wa kike ulikuwa unageuka kwenye wimbi kuliko mbao zao zote. Wengi waliokuja kujisifu kwa mbao za aina hiyo walisahau zilianzia kwapani mwa nani.

Hapo maduka yakaanza. Dale Velzy, mtoto wa ukoo wa maseremala, alifungua lake Manhattan Beach mwishoni mwa miaka ya 1940, na wengi hulihesabu kuwa la kwanza. Jack O'Neill alifungua la kwake San Francisco mwaka 1952, kwenye gereji ng'ambo ya barabara kutoka baharini, akauza nta, mbao kidogo na fulana za mpira za kuzuia baridi, zilizokuja kumtajirisha kuliko mbao. Hobie Alter alianzia kwenye gereji ya baba yake Laguna Beach, na mwaka 1954 akajenga duka Dana Point, kando ya barabara kuu ya pwani. Inasimuliwa kwamba alikuwa ameapa kuishi bila kuvaa viatu vigumu. Velzy alikuwa mtu wa namna nyingine. Alivuta sigara nene na kuendesha Mercedes yenye milango inayofunguka kama mbawa, akafungua duka juu ya duka, mpaka watu wa kodi walipokuja na makufuli yao. Alikuwa na mkono wa fundi, lakini daftari lilimshinda.

Balsa haikutosha. Ilitoka mbali, magogo hayakulingana, na fundi aliweza kuranda nusu siku ndipo akakuta doa bovu katikati. Hobie na kijana wake wa kazi, Gordon Clark, wakaanza kuchanganya kemikali mbili za maji, kuzimimina kwenye kalibu na kufunga kifuniko. Mchanganyiko huumuka kama unga wa mandazi, hujaza kalibu na kukauka kuwa povu gumu jeupe. Ukiharakisha hubaki na mashimo. Ukizidisha huisukuma kalibu yenyewe. Kufikia 1958 walikuwa wameuweza, na mwaka 1961 Clark akajitenga na kuanzisha Clark Foam, iliyouzia mafundi mabonge ya povu tayari kwa kuchongwa. Ukanda wa mti katikati ulibaki, kama mkuku wa chombo, kuupa ubao uti wa mgongo. Penseli ikapata mahali pa kuandika.

Bahati ya wakati nayo ilifanya kazi yake. Mwaka 1959 ilitoka filamu ya Gidget, iliyotokana na riwaya ya Frederick Kohner kuhusu binti yake na vijana wa Malibu, na kila mtoto wa California akataka ubao. Bing, Jacobs, Weber, Noll: majina ya wenye karakana yakawa chapa za kung'ang'aniwa. Duka likawa baraza. Watoto walikaa humo hata siku wasiyonunua kitu, wakifagia vumbi ili waruhusiwe kumtazama fundi, na aliyependwa akapewa kipande cha msasa.

Sasa njoo Afrika, maana hadithi hii ilifika kwetu kwa lifti. Dick Metz, rafiki wa Hobie, aliondoka California mwaka 1958 kuizunguka dunia, akavuka Afrika kwa kuomba lifti hadi akatokea Cape Town. Huko ufukweni akakutana na John Whitmore, mwuza magari aliyekuwa akijichongea mbao bila kufundishwa na mtu. Urafiki huo ulimfungulia Whitmore njia ya kupata povu la Clark, na Afrika Kusini ikapata karakana zake. Metz naye, aliporudi, akawa mwendeshaji wa maduka ya Hobie kuanzia Honolulu. Masimulizi yake yalimfikia mtengeneza filamu Bruce Brown, na mwaka 1963 Brown akawachukua vijana wawili, Mike Hynson na Robert August, akawapitisha Senegal, Ghana na Nigeria hadi Cape St. Francis, Afrika Kusini. Filamu hiyo, The Endless Summer, ilienea katika majumba ya sinema mwaka 1966. Pwani yetu ya Afrika Mashariki hawakuifikia, na si ajabu: matumbawe huyavunja mawimbi mbali, maji yanayofika mchangani yamekwisha nguvu.

Ndani ya filamu kuna kipande cha Accra. Watoto wanawakimbilia wageni, wanazipanda mbao, na kwa mzaha wa msimulizi ni kana kwamba mchezo umeteremka pwani ile asubuhi hiyohiyo. Lakini mwaka 1834 msafiri Mskoti James Alexander aliandika kwamba hapo hapo Accra aliwaona wavulana wakiogelea kwenda nje na vibao vyepesi chini ya matumbo, wakisubiri wimbi na kurudi juu yake. Miaka karibu 200 kabla yake, Mjerumani Michael Hemmersam aliona watoto wa pwani hiyohiyo, iliyoitwa Pwani ya Dhahabu, wakifungiwa vibao na kutupwa majini. Vibao hivyo havikuwa na duka wala chapa, na baada ya kuoza hakuna aliyebaki kuvisemea.

Hata Cape St. Francis, palipoonekana wimbi zuri kuliko yote, kamera haikuonyesha kila kitu. Tangu 1953 sheria ya Afrika Kusini iliruhusu sehemu za umma zitengwe kwa rangi, na fukwe nzuri zilikuwa za Wazungu. Mwaka 1972 Eddie Aikau wa Hawaii, mmoja wa mabingwa wa mawimbi makubwa, alialikwa Durban kwenye mashindano, akakataliwa hoteli kwa sababu ya ngozi yake. Familia ya mchezaji kijana wa Durban, Shaun Tomson, ikampokea nyumbani. Mtu akinisimulia utamu wa maduka ya ujana wake, Durban au California, namsikiliza kwa furaha, lakini huwa nauliza ni nani aliyekuwa hawezi kuingia.

Anguko lilikuja ghafla. Mwaka 1966 Nat Young wa Australia alitwaa ubingwa wa dunia San Diego kwa ubao uliogeuka kwa ukali usiozoeleka, na kuanzia 1967 Bob McTavish na George Greenough wakausukuma mbele mtindo huo kwa mbao fupi zaidi. Katika miaka kama miwili ubao wa futi tisa na nusu ukawa kitu cha babu. Kila kijana alitaka wa futi saba. Maduka yaliyojaza ukuta yakabaki na mzigo usiouzika. Na vijana wasio na fedha wakafanya walichoweza: walikiingiza kisu chini ya faiba, wakaibandua kama ganda, wakalichonga upya povu la ndani kuwa ubao mfupi. Ndiyo maana mbao nzima za kabla ya 1967 ni adimu leo na huuzwa kwa maelfu ya dola. Nyingine zimo ndani ya mbao zilizofuata, na penseli yake imekwenda na vumbi la msasa.

Clark aliendelea kuyalisha maduka hadi Jumatatu ya Desemba 5, 2005, alipotuma barua kwa wateja kwamba amefunga. Mafundi wa Marekani, ambao karibu wote walimtegemea, walikimbilia mabonge yaliyosalia. Mashine za kompyuta zilikuwa tayari zimeanza kuchonga, na zilipata nafasi zaidi.

Metz ndiye aliyeanzisha makumbusho ya mchezo huu San Clemente, ambako mbao zimesimama safu kwa safu. Wako wakusanyaji wanaopenda ubao ung'arishwe kama mpya. Ningewazuia kama ningeweza. Kwenye mgongo wa mbao za povu za zamani huwa kuna vishimo viwili vilivyokaribiana: ni vya magoti, kwa sababu watu walipiga makasia ya mikono wakiwa wamepiga magoti. Ukivijaza umemfukuza mtu.

Na ziko mbao za kale kuliko hizo. Mwaka 1885 wana watatu wa ukoo wa kifalme wa Hawaii, wanafunzi California, walichongesha mbao kwa mti mwekundu wa milima ya Santa Cruz, wakateleza kwenye mlango wa mto San Lorenzo. Mbao mbili zilihifadhiwa katika Bishop Museum, Honolulu. Mwaka 2015 zilirudi Santa Cruz kwa maonyesho, zikalazwa ndani ya kioo si mbali na mto ule, mti ukiwa karibu na milima ulikokatwa.