Pole haiombi radhi

Tanganyika ilianza kupokea vijana wa Peace Corps kutoka Marekani mwaka 1961, na hadi leo neno "pole" huwatatiza wageni wanaokuja kujitolea. Mgeni akijikwaa njiani, mpita njia humwambia "Pole!" Naye hushangaa: mbona huyu hakunisukuma? Aliyekosa husema "samahani" au "niwie radhi". "Pole" humwendea aliye katika taabu: mfiwa, mgonjwa, msafiri, hata mwenye ndoo kichwani. Ndiyo maana tuna "pole na kazi", ingawa kazi yenyewe imekwenda vizuri. Wakiwa wengi, "poleni". Jibu ni "asante" au "nimeshapoa". Mgeni akijibu "nimekusamehe", atawachekesha wenyeji. Akinyamaza mwenzake anapoumia, ataonekana mkavu.