Viuavijasumu mitoni: ushahidi wa kiroboto wa maji

Makala yetu ya historia ya sayansi juma hili inamhusu mnyama mwenye urefu wa milimita chache tu, ambaye ushahidi wake umewalazimisha wataalamu kubadili namna ya kupima usalama wa maji.

Jina lake la kisayansi ni Daphnia. Huitwa kiroboto wa maji, ingawa si kiroboto bali ni jamaa wa kamba na kaa. Huishi katika maziwa na madimbwi ya maji baridi, hula mimea midogo mno inayoelea majini, naye huliwa na samaki wadogo.

Mwili wake hupenya nuru, hata viungo vya ndani huonekana kwa hadubini. Mwaka 1884 Elie Metchnikoff alieleza jinsi chembe za mwili wa mnyama huyu zinavyomeza vijidudu vya kuvu vilivyomvamia. Uchunguzi huo ulisaidia kufafanua kinga ya mwili, na mwaka 1908 mtaalamu huyo alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich.

Kutoka saa 48 hadi siku 21

Mwaka 1944, nchini Marekani, Bertil Anderson alichapisha matokeo ya kumtumia kiroboto wa maji kupima sumu ya taka za viwandani. Baadaye kipimo cha saa 48 kikawa cha kawaida: watoto wa mnyama huyo hutiwa katika maji yenye kemikali, kisha huhesabiwa walioshindwa kuogelea.

Wakati huohuo matumizi ya viuavijasumu, yaani dawa za kuua bakteria, yalienea hospitalini na katika ufugaji. Sehemu ya dawa hizo hutoka mwilini kwa mkojo na kinyesi, na huweza kufika mitoni. Kwa kipimo cha saa 48, nyingi zilionekana kuwa na madhara madogo.

Mwaka 1998 Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, OECD, lilipitisha mwongozo wa kipimo cha siku 21, kinachohesabu pia watoto wanaozaliwa. Mwaka 2000 watafiti wa Denmark walichapisha matokeo ya kupima dawa tisa za mifugo. Kwa jumla, uzazi ulidhurika kwa viwango vya chini takriban mara kumi kuliko vile vilivyodhuru katika kipimo kifupi.

Vizazi vinne

Kiroboto wa maji huweza kuzaa bila dume, na jike hubeba mayai yake mgongoni ndani ya gamba mpaka yaanguliwe. Hivyo dawa inayomfikia mama huwafikia pia wanawe kabla hawajazaliwa. Zaidi ya hayo, mwaka 2015 watafiti nchini Japani walionyesha kuwa viroboto wa maji walioondolewa bakteria huzaa watoto wachache. Dawa isiyomuua mnyama yaweza kuwaua bakteria anaowategemea.

Mwaka 2016 watafiti wa Italia walichapisha matokeo ya kufuatilia vizazi vinne vilivyowekwa katika dawa ya mifugo iitwayo enrofloksasini. Sumu yake iliongezeka kizazi baada ya kizazi, na katika makundi mengi wote walikuwa wamekufa mwishoni mwa kizazi cha tatu.

Ni kweli kwamba kiwango cha maabara hiyo kilikuwa cha miligramu mbili kwa lita, kikubwa kuliko vinavyopatikana katika mito mingi. Hata hivyo, mwaka 2007 iliripotiwa kuwa maji yaliyokwisha kusafishwa katika mtambo wa Patancheru, karibu na Hyderabad nchini India, unaopokea taka za viwanda vya dawa, yalikuwa na hadi miligramu 31 kwa lita za siprofloksasini, dawa ya jamii hiyohiyo.

Kipimo cha saa 48 kingali kinatumika, nacho kina manufaa yake. Lakini historia hii yaonyesha kuwa kila muda wa kupima ulipoongezwa, madhara yaliyokuwa yamejificha yalidhihirika. Anayetoa kibali cha kumwaga maji yenye dawa mtoni hana budi kuuliza hali ya wajukuu, si ya mama peke yake.