Ng'ambo ya barabara kwa kogo

Picha za Kericho mtandaoni huwa ni zile zile: chai imekatwa sawasawa kama zulia, ukungu kwa mbali, mtu amepozi katikati. Hata mimi nimeposti. Lakini leo wacha niwaambie kuhusu barabara moja.

Likizo ya Agosti tulikuwa tunapanda matatu hadi Litein, halafu bodaboda hadi kwa kogo, yaani nyanya yetu, huko Konoin, Bomet. Kabla hujavua jaketi umeshikishwa kikombe cha mursik. Sisi watoto wa maziwa ya pakiti tulikuwa tunafunga macho ndiyo tumeze. Jioni mvua ya mawe ikipiga mabati, hamsikizani.

Shamba la kogo lilikuwa dogo: chai kidogo, mahindi, ng'ombe wawili. Tulichuma naye, majani mawili na chipukizi, ukichanganya na majani makuukuu anayatoa kikapuni mbele yako bila kusema kitu. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na chai ya kampuni, haina mwisho. Sheria ilikuwa moja tu: msivuke.

Nikiwa na miaka tisa tulivuka kufuata mpira. Askari wa shamba akatushika masikio mpaka kwa kogo. Nilijua nachapwa. Badala yake kogo alimtazama yule jamaa akamwambia, "Hawa walienda kwa babu yao tu."

Sikuelewa. Babu si alikuwa ndani anakunywa chai?

Nilikuja kuelewa baadaye sana. Kogo alizaliwa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, kaunti ya Homa Bay ya leo. Mkipsigis anazaliwaje Gwassi? Watu wake ni Talai, ukoo wa viongozi wa kiroho, na Waingereza waliwaogopa. Ardhi ya Wakipsigis ilikuwa imeshachukuliwa ikapewa walowezi, na kuanzia miaka ya 1920 makampuni makubwa yakaanza kupanda chai Kericho. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ikatunga sheria mahsusi ya kuwaondoa Talai. Hebu fikiria, sheria nzima kwa ajili ya ukoo mmoja! Wazee, akina mama, watoto, wote wakapelekwa Gwassi, penye mbung'o na malaria. Waliruhusiwa kurudi karibu na uhuru, mwaka 1962, na wengi hawakupata shamba la kurudia. Kogo alipata kwa sababu aliolewa.

Shuleni chai tuliisoma kama zao la biashara: mvua nyingi, udongo mzuri, nyanda za juu. Nilipata alama zote. Hakuna aliyeuliza udongo huo ulikuwa wa nani.

Mwaka 2022 Talai na Wakipsigis walipeleka kesi dhidi ya Uingereza kwenye Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Mwaka uliofuata Mfalme Charles akaja Nairobi, akasikitika kuhusu ukatili wa ukoloni, lakini msamaha wenyewe hakuomba. Mtandaoni tulibishana wiki nzima kuhusu hilo neno. Mimi kusema kweli neno peke yake halinishtui. Nataka kusikia habari ya ardhi.

Siku hiyo nilimpigia kogo simu. Alikuwa ameshasikia redioni. Akaniuliza, "Alitaja Gwassi?"

Nikamwambia sikusikia akitaja. Akanyamaza kidogo, halafu akaniuliza nitakuja lini, majani yamezidi na mgongo unamsumbua.