Ngoma mbovu kuliko zote za miaka ya 2000: kesi iko Side B

Hii mada haifi. Weka mezani watu watano waliokulia Dar miaka ya 2000, waambie wachague wimbo mbovu kuliko zote za muongo ule, na kabla chai haijapoa kuna mtu atakuwa amenuna. Kila mmoja ana wa kwake. Kuna ule wa jamaa anayelia mwanzo mwisho, kuna ule wenye neno moja linalorudiwa mara hamsini, na kuna ule uliopigwa kwenye daladala za Kariakoo mpaka abiria wakaujua kuliko nauli.

Ukisikiliza ubishi huu vizuri, utagundua mashtaka ni yaleyale matatu. Na mawili kati yake hayana mashiko.

Shtaka la kwanza: utoto

Hapa jina la kwanza kutajwa huwa Mr. Nice. Mashairi mepesi, kiitikio cha kuimbishana, mambo ya michezo ya watoto. Wapenzi wa nyimbo za ujumbe walimuona kama kichekesho. Lakini mtindo wake aliuita Takeu, yaani Tanzania, Kenya na Uganda, na jina halikuwa la mbwembwe. Kikulacho na Fagilia zilivuka mipaka kweli, zikachezwa harusini, na mtoto wa chekechea na bibi yake wote wakajua pa kuitikia. Hebu jaribu kutunga kitu cha namna hiyo uone kama ni rahisi.

Kejeli kama hiyo iliwapata waimbaji wa mapenzi. Wana hip hop waliwaita "wabana pua", wakimaanisha si wanaume kamili wa muziki. Leo hao wabana pua na watoto wao kimuziki ndio wamebeba Bongo Flava mabegani. Wimbo mwepesi na wimbo mbovu ni vitu viwili tofauti.

Shtaka la pili: kukopi

"Ile biti si yao, wameiba Marekani." Sawa, nyingine ziliibwa mchana kweupe. Ila ukilishikilia shtaka hili mpaka mwisho, unabomoa nyumba nzima. Mwaka 1991 Saleh Jabir aliichukua Ice Ice Baby ya Vanilla Ice, akaitia maneno ya Kiswahili, na vijana wengi wakaamini kwa mara ya kwanza kwamba Kiswahili kinaweza kurap. Na Vanilla Ice naye besi yake ilitoka kwenye Under Pressure ya Queen na David Bowie. Sasa nani mwizi hapo?

Swali la maana ni aliyekopi aliongeza nini. Jabir aliongeza lugha. Wengine hawakuongeza hata kikohozi.

Shtaka la tatu: Side B

Hili ndilo lenye uzito, na watu hulitaja kidogo mno.

Kumbuka muziki ulivyouzwa. Kabla ya simu kubeba nyimbo, bidhaa ilikuwa kaseti, na kaseti ina pande mbili za kujazwa. Msanii akishatoa wimbo mmoja redioni ukashika, alitakiwa apeleke albamu nzima kwa msambazaji, na biashara ya usambazaji ilikaa Kariakoo, hatua chache kutoka viwanja vya Mnazi Mmoja. Msambazaji hakununua wimbo, alinunua kaseti. Kwa hiyo kijana mwenye nyimbo mbili nzuri alihitaji nyingine nane, haraka, kabla jina halijapoa.

Hizo nane ndizo tunazozungumzia. Ubeti wa pili ni ule wa kwanza uliogeuzwa. Rafiki ameitwa aongee ongee tu. Remix ya wimbo ambao umeshausikia Side A. Utunzi wa aina hiyo ulikuwa wa kujaza nafasi, na masikio yako yalijua, ndiyo maana ulirudisha mkanda kwa kalamu ya Bic kutafuta ule mmoja ulionunulia kaseti.

Na malipo? Wengi waliuza kazi kwa pesa ya mkupuo au kwa sehemu ndogo tu ya bei ya kila kaseti. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilipitishwa mwaka 1999, na COSOTA ikaundwa chini yake, lakini kaseti feki ziliendelea kujaa mitaani. Kwa hiyo yule anayechekwa leo kwa wimbo wa ovyo, inawezekana kabisa hakuwahi kufaidi hata ule wake mzuri.

Mji huu umeshawahi kuhukumu muziki

Kabla ya kutoa hukumu, inafaa kukumbuka kilichotokea hapahapa. Mwishoni mwa 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, suruali za kubana na mengine yaliyoitwa ya kigeni, na wasichana wakashambuliwa Kariakoo kwa sababu ya nguo. Novemba 1969 muziki wa soul nao ukapigwa marufuku Dar es Salaam. Vijana waliokuwa wakicheza soul waliambiwa ule ni uchafu.

Leo wale vijana ni babu na bibi, na soul inapigwa kwenye maharusi kama muziki wa heshima. Bongo Flava nayo ilianza kwa kuitwa uhuni. Miaka ikapita, Sugu akaingia bungeni mwaka 2010, na Profesa Jay akamfuata 2015. Mkisema leo kwamba singeli ni kelele tupu, mnarudia sauti ya wazee wenu bila kujua.

Hii haimaanishi kila wimbo ni mzuri na tuache ubishi. Ubishi ni haki ya kila aliyetoa hela yake kununua kaseti. Ila chagueni shtaka sahihi. Wimbo wa kitoto uliofanya mtaa mzima ucheke na kucheza, muuache ulale salama. Wimbo uliokopi lakini ukaongeza kitu, nao mpeni nafasi. Hukumu kali iende kwa ule ambao hata mwenyewe aliyeurekodi alijua anajaza mkanda, na nusu ya hukumu hiyo iende kwa biashara iliyomlazimisha aujaze.

Sasa semeni: ngoma yenu mbovu ya miaka ya 2000 ni ipi, na imekosa nini hasa? "Siipendi tu" haihesabiki.