Mafaili ya Angani na Bodi Ambayo Haikuundwa

Julai 2023, maseneta wawili wa Marekani waliingiza marekebisho ya kurasa 64 katika muswada wa sheria ya ulinzi. Mmoja alikuwa Chuck Schumer wa Democratic, wakati huo kiongozi wa walio wengi katika Seneti, na mwenzake Mike Rounds wa Republican, kutoka South Dakota. Marekebisho hayo hayakugusa mishahara ya askari wala ununuzi wa manowari. Yalitaka kila waraka wa serikali unaohusu vitu visivyotambulika angani ukusanywe mahali pamoja na kuwekwa wazi. Anayetaka waraka ubaki siri, yeye ndiye atoe sababu.

Schumer alikuwa akiendeleza kazi ya Harry Reid, seneta wa Nevada aliyefariki Desemba 2021, ambaye kwa miaka mingi aliamini kwamba umma unanyimwa haki yake.

Siri hizi zina umri mkubwa. Juni 24, 1947, rubani Kenneth Arnold alisema ameona vitu 9 vinavyong'aa vikipita kwa kasi karibu na Mlima Rainier, jimbo la Washington. Magazeti yakaviita visahani, na jina likashika. Julai 8 mwaka huohuo, kambi ya jeshi la anga ya Roswell, New Mexico, ilitangaza kwamba imeokota kisahani. Muda si mrefu wakubwa wa jeshi wakakanusha: lilikuwa puto la hali ya hewa tu. Maelezo hayo nayo hayakuwa kamili. Mwaka 1994 Jeshi la Anga lilieleza kwamba vipande vile vilielekea kuwa vya Mradi wa Mogul, maputo ya siri yaliyorushwa kunasa dalili za majaribio ya nyuklia ya Wasovieti. Mwaka uliofuata, wakaguzi wa Bunge walioombwa na mbunge Steven Schiff wafuatilie nyaraka za Roswell waligundua kwamba jumbe zilizotumwa na kambi ile katika miaka hiyo zilikuwa zimeharibiwa. Fomu ya uharibifu haikuonyesha nani aliziharibu wala kwa idhini ya nani.

Jeshi la Anga lilikuwa na ofisi yake ya uchunguzi. Ilianza kwa jina la Sign, ikawa Grudge, na kuanzia 1952 ikajulikana kama Mradi wa Blue Book, makao yake Ohio. Hadi inafungwa mwaka 1969, ilikuwa imepokea taarifa 12,618. Kati ya hizo, 701 zilibaki bila maelezo.

Tatizo kubwa zaidi liko katika zile ambazo maelezo yake yalijulikana, ila mwananchi hakuambiwa. Kuanzia Agosti 1955 shirika la ujasusi la CIA lilikuwa likirusha ndege ya upelelezi ya U-2, iliyopaa zaidi ya futi 60,000, wakati ndege nyingi za abiria za siku zile hazikuvuka futi 20,000. Jioni, rubani wa abiria akiwa tayari gizani, jua lilikuwa bado linapiga mabawa ya U-2 huko juu, nayo yakawaka kama moto. Marubani waliandika taarifa. Maofisa wa Blue Book walilinganisha taarifa hizo na ratiba za safari za CIA, wakapata jibu, kisha wakalazimika kumpa aliyeandika maelezo mengine kabisa. Mwanahistoria Gerald Haines alilieleza jambo hili mwaka 1997. Alitaja makadirio ya CIA kwamba zaidi ya nusu ya taarifa za mwishoni mwa miaka ya 1950 na za miaka ya 1960 zilitokana na ndege za upelelezi. Watafiti wengine wanaona kiwango hicho kimezidishwa. Hata kama kimezidi, watu walioona kitu cha kweli walipewa jibu la uongo, na serikali ikaupalilia uvumi kwa mikono yake.

Kwa hiyo Schumer na Rounds hawakubuni dawa mpya. Walichukua mfano wa sheria ya mwaka 1992 iliyofungua nyaraka za mauaji ya Rais John F. Kennedy. Sheria ile iliunda bodi huru yenye uwezo wa kuyataka mashirika ya ujasusi mafaili yao, na leo mkusanyo ule una kurasa zaidi ya milioni 5. Kwa masuala ya angani walipendekeza bodi ya watu 9. Waliongeza kifungu cha kuiruhusu serikali kutwaa kutoka kwa kampuni binafsi kifaa chochote cha asili isiyojulikana, kama kipo.

Julai 26, 2023, David Grusch, aliyekuwa ofisa wa ujasusi, alidai kwa kiapo mbele ya kamati ya Bunge kwamba serikali inaficha vyombo visivyotengenezwa na binadamu. Hakuweka ushahidi hadharani. Kesho yake Seneti ilipitisha muswada mzima kwa kura 86 dhidi ya 11.

Muswada ulipofika kwenye maridhiano na Baraza la Wawakilishi, bodi ikafyekwa na kifungu cha kutwaa kikaondolewa. Sheria iliyosainiwa Desemba 22, 2023 ilibakiza mkusanyo tu: Idara ya Nyaraka za Taifa ifungue fungu jipya, ambalo lilipewa namba 615, na kila wizara ichambue mafaili yake yenyewe.

Machi 2024 ofisi ya Wizara ya Ulinzi inayochunguza vitu hivi ilitoa ripoti ya kihistoria. Ilisema haikupata ushahidi wowote wa teknolojia kutoka nje ya dunia, na kwamba baadhi ya madai yalitokana na miradi halisi ya siri iliyoeleweka vibaya. Huenda ni kweli tupu. Lakini mwandishi wa ripoti ni wizara ileile iliyokalia mafaili, na jeshi lilelile lililobadilisha maelezo ya Roswell liko chini yake. Bodi ya watu 9 ilitakiwa kwa sababu hiyo hasa, na Bunge lilikosea kuiondoa. Schumer na Rounds waliirudisha hoja yao mwaka 2024, nayo haikuingia katika sheria ya ulinzi ya mwaka huo.