Kengele ya Kisauni

Matatu za Mishomoroni zikienda mjini hupita Kengeleni. Makonda hulipigia kelele jina hilo kutwa, lakini ukimuuliza kijana wa mtaani kwetu kengele hiyo ilikuwa ya nini, atakuambia ni ya kanisa, basi. Ya kanisa ni kweli. Lakini wazee husimulia pia kwamba ilipigwa kuwaonya watu kuwa wenye watumwa wanakuja. Na hao wenye watumwa walikuwa Waislamu wa Mombasa, watu wa dini yangu. Nimefundisha historia katika shule za huku Kisauni mpaka nikastaafu, na somo hili sikulipitia mbiombio hata mara moja, kwa sababu kwenye madawati walikaa vitukuu vya pande zote mbili.

Watu hupenda kuuliza kama Wakristo wachache waliteswa au walistahiwa chini ya utawala wa Kiislamu. Kwa pwani yetu mimi huuliza kwanza: mwaka gani, na nani alikuwa akipoteza mali yake?

Chukua mwaka wa 1844. Mombasa ilikuwa chini ya Sayyid Said wa Unguja. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na shirika la kimisionari la CMS la Uingereza, alifika hapa akiwa na barua ya Sayyid mwenyewe, ikiwataka maliwali wake wamtendee wema mtu huyu aliyetaka kuwaita watu kwa Mungu. Julai ya mwaka huo mkewe, Rosine, alikufa kwa homa, na binti yao mchanga akamfuata. Mama yule alikuwa ameomba azikwe upande wetu wa bara, na kaburi lake liko Nyali hadi leo.

Na mwaka huohuo Krapf alianza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili akisaidiwa na Sheikh Ali bin Muhiddin, kadhi wa Mombasa. Kadhi! Hapa huwa nasimama kidogo, maana vijana wangu wa madrasa hawaamini. Mwenye kuhukumu ndoa na mirathi ya Waislamu wa mji mzima aliketi na mmisionari, wakatafuta pamoja maneno ya kueleza jinsi Mungu alivyoumba mbingu na ardhi. Mimi namwona ni mwanachuoni aliyejiamini kwa elimu yake, asiyehofu kwamba dini itamponyoka kwa kumsaidia mgeni kusema. Krapf alihojiana na masheikh waziwazi, kisha mwaka 1846 akahamia Rabai pamoja na mwenzake Rebmann. Waliobatizwa walikuwa wachache mno, hawakuwa na mali, wala hawakudai kitu cha mtu. Hakuna tajiri aliyekosa usingizi kwa ajili yao.

Si kwamba kabla ya hapo damu ya Wakristo ilikuwa haijamwagika Mombasa. Yusuf bin Hasan alikuwa mtoto wakati baba yake, Sultani wa Mombasa, alipouawa mwaka 1614 kwa hila za Wareno. Wareno haohao walimpeleka Goa, wakambatiza Jerónimo, kisha wakamrudisha atawale chini ya kivuli cha Ngome yao. Agosti 1631 aliingia Ngome, akamuua kapteni. Wareno waliokimbilia nyumba ya watawa wa Agustino, wanawake na watoto miongoni mwao, nao waliuawa, pamoja na Waafrika waliokataa kuuacha Ukristo. Kisasi cha baba nakielewa. Kitendo cha kuua watoto waliokimbilia hifadhi hakuna dini itakayokibeba, na sitaki mwanafunzi wangu aambiwe kuwa ulikuwa ushindi wa Uislamu.

Lakini la Kengeleni ndilo letu zaidi. Juni 1873, kwa shinikizo la Waingereza na baada ya safari ya Sir Bartle Frere, Sayyid Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja. Watu waliokuwa wakinaswa na manowari za Waingereza kutoka majahazini walihitaji pa kuishi. CMS ikapata ardhi hapa Kisauni, na mji mpya, Frere Town, ukaanza kati ya 1874 na 1875 chini ya William Salter Price. Alikuja na Waafrika waliolelewa Nasik, India, watu waliookolewa utumwani utotoni wakafunzwa useremala, uhunzi na kusoma. Wenyeji wakawaita wakazi wa huko Wamisheni, na vizazi vyao huitwa hivyo mpaka sasa.

Kwa mateka wa majahazini matajiri wa Mombasa walinung'unika tu, kwani hao hawakuwa wametoka mashambani mwao. Moto uliwaka walipoanza kufika watoro. Mtumwa wa shamba la nazi au la mtama alisikia kwamba kuna mahali ambapo watu weusi kama yeye wanaishi bila bwana, akaondoka usiku. Bwana wake alipokwenda kumdai alijibiwa kwa maneno ya dini. Yeye naye akajibu kwa maneno ya dini: ni mali yangu kisheria, na sasa mnamtoa katika Uislamu. Mwaka 1880 wenye watumwa wa mjini walipanga kuivamia Frere Town. Misheni nayo haikuwa pepo. Msimamizi wake, Streeter, alishutumiwa kwa kuwachapa watu viboko vikali, hata ikabidi Price arudishwe kutoka Uingereza kuja kutengeneza mambo.

Waliokuwa mbali na manowari ndio walioumia zaidi. Kule Fuladoyo, katika nchi ya Wagiriama, Wakristo wa Kigiriama walikuwa wamejenga kijiji na kuwapokea watoro. Mwaka 1883 kiongozi wao, David Koi, alikamatwa na wenye watumwa akakatwa kichwa. Wakristo wa Kenya humtaja kuwa shahidi wao wa kwanza. Waislamu tunapaswa kulijua jina lake kama tunavyolijua la Krapf, kwa sababu waliomuua walisoma Kurani ileile inayohesabu kumwacha mtumwa huru kuwa ibada.

Jinsi ugomvi ulivyokwisha ndiyo inayonithibitishia ulikuwa wa nini. Mwishoni mwa 1888 George Mackenzie wa kampuni ya Kiingereza ya IBEA alifika, akakuta watoro wapatao 1,400 katika vituo vya misheni, wengi wao Rabai. Hakuitisha mjadala wa dini. Aliwalipa mabwana riale 25 kwa kichwa, na Januari 1889 watoro wakapewa hati za uhuru. Wenye watumwa walipokea fedha, makelele yakatulia. Wakristo walikuwa walewale, na kengele ikaendelea kulia kila Jumapili.

James Mbotela, mtoto wa Frere Town na baba wa mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, aliisimulia habari ya watu hawa katika *Uhuru wa Watumwa*, kitabu kilichotoka mwaka 1934. Ni Kiswahili kitamu, na kimeandikwa na upande uliokimbia.

Nayakumbuka haya kila nisikiapo kwamba chuki ya dini ni ya asili hapa kwetu. Agosti 2012, baada ya Sheikh Aboud Rogo kupigwa risasi, vijana waliharibu makanisa mjini. Machi 2014 watu wenye bunduki waliingia kanisani Likoni, wakaua waumini wakiwa katika ibada. Hayo yametokea, na waliouawa walikuwa majirani zetu. Mwezi wa Disemba uleule wa 2014, jirani yangu wa Kimisheni aliniita kama kawaida, mkesha wa Krismasi, nimchinjie mbuzi. Huniita mimi ili nyama iwe halali kwa mtaa wote. Nikamlaza kuelekea kibla, nikapiga bismillahi, mwanawe akiwa ameshika miguu. Kesho yake sinia la pilau lilipita nyumba kwa nyumba.

Jirani huyo na mimi tuna shida moja, na chanzo chake ni kilekile. Hati ya mtoro ilimpa mwili wake, haikumpa shamba. Sheria ya ardhi ya 1908 iliwataka watu wa ukanda wa pwani waandikishe madai yao, na waliojua njia ya kufika kwa maofisa waliandikisha maeneo makubwa. Wagiriama, pamoja na watu waliokuwa watumwa na Waislamu wengi maskini, wakabaki maskwota. Leo katika sehemu nyingi za Kisauni unajenga nyumba yako na kumlipa mwingine kodi ya ardhi iliyo chini yake: nyumba bila ardhi. Mwenye ardhi akitaka kuuza, tingatinga haliulizi ukutani mmetundika msalaba au Ayatul Kursi, na tunapokwenda kwa chifu tunakwenda pamoja, yeye na bahasha ya risiti zake, mimi na yangu.