Mchanga wa Newala na uzio wa chuma

Sisi mafundi umeme wa Newala tumerithi tatizo ambalo bibi zetu walilijua kwa mtungi. Uwanda wetu wa Makonde ni wa udongo wa kichanga. Mvua ikinyesha, maji huzama chini sana. Ndiyo maana akina mama wa huku waliyafuata mabondeni kwa vizazi vingi, na katika miaka ya 1950 ukaanzishwa mradi wa kuyasukuma kutoka kwenye chemchemi hadi juu. Mchanga huohuo ukikauka huunyima umeme njia ya kushuka ardhini.

Nyua za zamani zilikuwa za miti na mianzi, hazikuhitaji waya wa ethi, yaani wa kupeleka umeme ardhini. Uzio wa chuma ulitufikia pamoja na mitambo ya umeme, ukazidi baada ya 2007, gesi ya Mnazi Bay ilipoanza kuzalisha umeme Mtwara.

Waya wa kilovolti 33 ukikatika na kugusa chuma katika kituo cha kupozea umeme, umeme humwagika ardhini na volti ya udongo wa pale hupanda ghafla. Aliyeegemea uzio kwa nje, miguu mchangani, umeme humpitia mwilini. Kwa hiyo uzio hufungwa kwenye wavu wa shaba uliofukiwa chini ya kituo, na waya mwingine huzungushwa nje, kama mita moja kutoka kwenye uzio, kwani mkono wa mtu haufiki mbali zaidi. Bawaba za geti haziaminiki kupitisha umeme. Bawa lake huunganishwa na nguzo kwa utepe wa shaba. Ukuta wa tofali nao haujasalimika, maana juu yake kuna seng'enge.

Linaloniuma zaidi ni jirani anayefunga uzio wake wa waya kwenye uzio wa kituo ili aokoe nguzo mbili tatu. Hitilafu ikitokea kituoni, volti husafiri kwenye waya huo hadi uani kwake, wanakocheza watoto na kufungwa mbuzi.

Wanaoiba shaba ya ethi huuacha uzio ukionekana mzima, na hatari haionekani kwa macho.

Mafundi wenzangu, ethi ya huku msiipime Machi udongo ukiwa umelowa, mkaridhika. Ipimeni tena Oktoba, mchanga ukiwa mkavu kabisa, kabla radi za mvua za kwanza hazijaanza. Nanyi wenye viwanja jirani, simamisheni nguzo zenu wenyewe, mbali na uzio wa kituo.